Jina la Aliyeondoka: Mhadhara juu ya Jina la Attenborough



Nilipokwenda kuomba pasi ya kusafiria kwa mara ya kwanza, karani aliyekaa nyuma ya dirisha aliniuliza jina langu, nami nikampa kama nilivyofunzwa tangu chuoni: jina langu, bin baba yangu, bin babu yangu. Akayaandika mawili ya mwanzo katika visanduku vyake, akainua kalamu, akauliza, "Na la ukoo?" Nikamjibu kwamba ukoo wetu waujua wenyewe na majirani, wala hatujapata kuuandika popote. Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikwisha panda. Karani akaangalia tena kile nilichompa, akaona jina la babu halijapata kisanduku, akalitia hapo. Ndugu yangu, baba mmoja mama mmoja, alikuwa amekwisha andikishwa miaka mitatu kabla yangu katika ofisi nyingine, na karani wa huko akaona jina la baba latosha kuwa la ukoo. Basi tangu siku hiyo mimi na ndugu yangu, kwa mujibu wa karatasi za serikali, tu watu wa koo mbili.

Kisa hiki sikukileta kwa ajili ya kulalamika. Nimekileta kwa kuwa lililonipata mimi dirishani ndilo lililoipata Uingereza nzima kati ya karne ya 12 na ya 15, na mtu asiyeliona jambo hilo kwa jicho hili atadhani kwamba majina ya koo za Waingereza yalishuka pamoja nao tangu azali. Hayakushuka. Kabla ya Wanormani kuitwaa nchi mwaka 1066, Mwingereza alikuwa na jina lake moja, na kama wako wawili wa jina hilo katika kijiji kimoja, walipambanuliwa kwa jina la baba, au kwa kazi, au kwa kilema, au kwa mahali, na tambulisho hilo likifa pamoja na mwenyewe. Wakuu wa Kinormani ndio walioanza kurithishana majina, aghalabu kwa sababu ya mashamba: atakaye kurithi ardhi ya baba yake yamfaa awe na jina la kumshika baba yake. Watu wa kawaida walifuata polepole, kusini mbele, kaskazini nyuma, na msukumo mkubwa ulitoka kwa makarani. Kodi ya kichwa ilipotozwa mwaka 1377, tena 1379, tena 1381, hata mtu asiyekuwa na ng'ombe wala shamba alitakiwa aandikwe, na kuandikwa kwataka jina lisilochanganyika na la jirani. Kodi ile ya tatu iliwakasirisha watu hata wakaasi, lakini madaftari yalibaki, na wenye kuchungua majina hadi leo huyashukuru mno.

Katika bahari hiyo ya majina nimechagua moja tu la kuzungumza nanyi jioni hii, nalo ni Attenborough. Najua wengi wenu mmelisikia, kwa kuwa ndugu wawili wamelitangaza duniani: Richard, aliyeifanya ile filamu ya maisha ya Gandhi iliyotoka mwaka 1982, na David, mwenye kusimulia maisha ya wanyama, ambaye katika mfululizo wa mwaka 1979 alionekana amelala katika majani ya milima ya Rwanda huku sokwe wakubwa wakimchezea kana kwamba ni mwana wao aliyepotea akarejea. Lakini jina kujulikana si jina kuwa na watu wengi. Mwenye jina la Smith akiingia sokoni England huenda akakutana na wenziwe kabla hajamaliza kununua vitunguu. Attenborough aweza kukaa mwaka mzima katika mji asikutane na hata mmoja, isipokuwa awe amekaa katika jimbo moja nitakalolitaja sasa hivi.

Jimbo hilo ni Nottinghamshire, katikati ya England, na ndani yake, kusini-magharibi ya mji wa Nottingham, kando ya mto Trent, kiko kijiji kiitwacho Attenborough. Mwenye kujua kwamba yako majina ya Kiingereza kama Atwell, yaani wa kisimani, na Atwood, yaani wa mwituni, huenda akaghurika kwa namna neno hili linavyoanza, akalifasiri kuwa ni wa mjini. Jina la kijiji lina asili nyingine. Alikuwapo mtu, Msaksoni, aliyeitwa Adda, na mahali hapa palikuwa ni boma lake au la watu wake. Neno lao la boma, *burh*, ndilo lililolainika likawa *borough*. Kuhusu Adda mwenyewe hakuna kilichosalia isipokuwa silabi ya kwanza. Si haba: wako wafalme wasiosaliwa na hata hiyo.

Hapa naomba wasaa, maana tumefika penye kiini cha mambo. Mtu husikia kwamba jina la ukoo limetokana na kijiji, na fikra humwendea moja kwa moja kwamba wenye jina ndio wenyeji wa kijiji. Ni kinyume chake. Mtu wa Tumbatu akihamia Bagamoyo ataitwa Mtumbatu, na wanawe wataitwa wana wa Mtumbatu. Ama Tumbatu kwenyewe, ambako kila apitaye njiani ni Mtumbatu, jina hilo lamtambulisha nani? Waarabu waliotoka bandari ya Shihr kule Hadhramaut sisi tuliwaita Washihiri, jina likaenea hata kwa wasioijua Shihr. Ila Shihr yenyewe ni mji wa watu wenye majina yao mengine. Vivyo hivyo Attenborough. Jina hilo hakulipata aliyebaki. Alilipata yule aliyefunga mzigo wake akavuka mashamba mawili matatu kwenda kijiji kingine kutafuta kazi ama mke, na huko wenyeji, wakiwa wamekwisha kuwa na Yohana wao watatu, wakamwita huyu wa nne kwa kule alikotoka. Karani wa kodi alipokuja na meza yake akaliandika hivyo hivyo.

Ushahidi wa jambo hili kinao kijiji chenyewe. Mwana maarufu kuliko wote aliyezaliwa kijijini Attenborough ni Henry Ireton, aliyebatizwa mwaka 1611 katika kanisa la Mtakatifu Maria lililopo pale hadi leo: jemadari wa jeshi la Bunge, mkwe wa Oliver Cromwell, mmojawapo wa waliotia sahihi hati ya kumuua mfalme Charles wa Kwanza. Mtu huyu alikuwa wa Attenborough kwa kuzaliwa, na hakuitwa Attenborough. Na jina la ukoo wake mwenyewe, Ireton, ni jina la kijiji kingine kabisa, cha jimbo jirani la Derbyshire. Naye, kwa hiyo, alibeba jina la walioondoka mahali.

Na katika uwanja wa kanisa hilo hilo pana kaburi ambalo mwenye kusema juu ya majina hana budi kulitaja. Tarehe 1 Julai 1918, katika kiwanda cha kujaza makombora kilichokuwa Chilwell, jirani kabisa na kijiji, baruti ililipuka ikaua watu 134, wake kwa waume, wafanyakazi wa vita. Waliotambulika kwa yakini walikuwa 32. Wengine wote walizikwa pamoja, maiti zisizokuwa na majina, katika ardhi ya kijiji kilichotoa jina.

Turudi kwa walio hai. Sifa kubwa ya majina ya mahali, hasa mahali padogo, ni uzito wa miguu. Henry Brougham Guppy, mganga na mtaalamu wa viumbe ambaye jina lake mwenyewe ni adimu na lenye asili ya shamba moja la Dorset, alipochapisha mwaka 1890 kitabu chake cha makao ya majina, alihesabu majina ya wakulima, kwa hoja kwamba mkulima ndiye mtu mgumu kuhama kuliko wote. Akakuta majina mengi bado yamejikusanya pale pale yalipotajwa karne tano nyuma. Sensa ya mwaka 1881, ambayo wanazuoni wa siku hizi wameitia katika ramani jina kwa jina, ilithibitisha hayo kwa upana zaidi. Ukiitazama ramani ya Smith utaona wino umemwagika nchi nzima. Ukiitazama ya Attenborough utaona doa moja zito juu ya Nottinghamshire na kingo za majimbo ya jirani, na matone machache London. Matone ya London yana kisa chake: katika karne ya 19 yalikuwapo huko maduka ya rehani ya watu wa jina hili, na wengi waliosikia neno Attenborough mjini humo walilisikia kwa kutajiwa pahala ilipo saa ya marehemu baba yao.

Na baba yao Richard na David je? Aliitwa Frederick, akazaliwa mwaka 1887 katika mji mdogo wa Stapleford. Tafadhalini mzingatie Stapleford ni wapi: ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka kijiji cha Attenborough, na hurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana kupoa. Babu wa mababu aliondoka kijijini yapata miaka 600 kabla, akapewa jina la mtu wa mbali, na baada ya vizazi ishirini na kitu dhuria yake hawajafika mbali zaidi ya pale wawezapo kusikia kengele za jirani ya jirani. Sisi watu wa pwani, ambao babu mmoja huweza kuzaliwa Mukalla, kuoa Lamu na kuzikwa Ngazija, hili latushangaza. Kwa mkulima wa Kiingereza lilikuwa ndilo ada.

Frederick alikuwa msomi wa lugha na sheria za Wasaksoni, akatoa mwaka 1922 kitabu cha sheria za wafalme wa mwanzo wa Kiingereza, na kuanzia mwaka 1932 hadi 1951 alikuwa mkuu wa chuo kikuu kichanga cha Leicester. Katika zama zake, mwaka 1948, chuo hicho kilianzisha idara ya historia ya mahali chini ya W. G. Hoskins, mtu aliyefundisha kwamba ua wa shamba na kona ya njia ni hati za kihistoria sawa na ngozi iliyoandikwa. Kutoka mle mle, mwaka 1965, ukazaliwa mradi wa kuchungua majina ya koo jimbo baada ya jimbo, ambao Richard McKinley aliubeba kwa miaka mingi kwa subira ya mtu anayechambua mchele. Kisha, katika chuo hicho hicho, mwaka 1984, Alec Jeffreys akavumbua namna ya kumtambua mtu kwa alama za damu yake. Sidhani kuna mahali pengine duniani ambapo elimu ya majina na elimu ya vinasaba zimelala chumba kimoja namna hii. Na lugha yetu, nataka kuwakumbusheni, iliyaona mambo haya kabla hayajaelezwa: neno kinasaba tulilitoa katika nasaba, ilhali Wazungu walilitoa katika Kiyunani wakahitaji kulifasiri.

Hoja ya wanazuoni wa Leicester ilikuwa nyepesi kusema. Jina la Mwingereza hutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Iko pia sehemu ya urithi wa mwili, iitwayo kromosomu Y, ambayo nayo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, haina njia kwa mama. Basi lau jina lilianza kwa mtu mmoja, na lau hakuna mwana wa nje, wala wa kulea, wala aliyechukua jina la mkewe ili arithi shamba, wenye jina wote watakuwa na Y moja. Wakaandikia watu barua. Aliyekubali alipelekewa kwa posta kijiti chenye pamba. Akakisugua ndani ya shavu, akakitia katika kichupa, akakirudisha. Hakuna damu iliyomwagika. Mtu amekaa jikoni mwake, chai i mezani, anasugua shavu lake ili aulizwe babu wa karne ya 14.

Mwaka 2009 wawili kati ya wanazuoni hao, Turi King na Mark Jobling, walitangaza matokeo ya wanaume 1,678 wenye majina 40. Wenye jina la Smith hawakuwa na udugu zaidi ya watu waliookotwa barabarani, jambo la kutazamiwa, kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake na kila mhunzi alikuwa na wana. Lakini kila jina lilipozidi kuwa adimu, ndivyo udugu ulivyozidi kudhihiri, na Attenborough lilikuwa miongoni mwa yaliyoongoza: zaidi ya watu 70 katika kila 100 walikuwa na Y moja au iliyokaribiana mno. Yaani wengi wao ni wana wa mtu mmoja. Yule aliyefunga mzigo.

Hata hivyo mwenye insafu hatasema kwamba mtu huyo alikuwa peke yake. Mwaka 1874 Francis Galton na kasisi mjuzi wa hesabu, Henry William Watson, walionyesha kwa hesabu kwamba majina hufa yenyewe bila ya vita wala tauni. Mtu akizaa mabinti watatu, jina limekoma nyumbani kwake, ijapokuwa wajukuu wamejaa uani. Na katika vizazi ishirini kukoma huko hutokea mara nyingi hata milango mingi iliyoanza pamoja husalia mmoja au miwili. Ongezeni tauni kubwa ya 1348 na 1349, iliyoangukia pale pale majina yalipokuwa yakianza kushika. Huenda waliondoka Attenborough watu kumi, wakapewa jina moja na majirani wa vijiji kumi, na kumi hao hawakuwa na udugu wowote. Tisa wakazaa mabinti, au wakazikwa na wana wao katika shimo moja. Tunachokiona leo ni mabaki ya bahati.

Sasa lipo jambo ambalo, nilipolisoma, niliiweka karatasi chini nikatoka nje kidogo. Tawi la Y la hao akina Attenborough walio wengi, liitwalo kwa herufi ya E, ni adimu England, na shina lake la mbali sana, kwa maelfu mengi ya miaka, wataalamu huliweka pande zetu hizi, Afrika Mashariki. Msinifahamu vibaya. Sisemi kwamba msimulizi wa wanyama ni binamu wa mtu wa Mombasa kwa namna yoyote itakayomfaa katika mirathi. Tawi hilo lilikwisha pita Asia na kusini ya Ulaya zamani kabla hakujawa na Mombasa wala England, na pengine liliingia kisiwani kwa miguu ya askari wa Kirumi au ya mkulima wa kale. Nasema tu kwamba jina liitwalo la Kisaksoni, lenye Adda wa Kisaksoni ndani yake, limebebwa karne zote hizi na mwili uliofika hapo kwa njia nyingine.

Na si Attenborough pekee. Katika Yorkshire kuna jina adimu zaidi, Revis. Chuo hicho hicho kilitangaza mwaka 2007 kwamba katika wanaume 18 wenye jina hilo waliopimwa, 7 walikuwa na tawi la Y liitwalo A1, ambalo hadi hapo lilijulikana kwa watu wachache wa Afrika Magharibi tu. Walikuwa Wazungu kwa sura na kwa habari zote walizokuwa nazo. Wachunguzi wakafuata vyeti vya kuzaliwa na madaftari ya makanisa, wakazipata nyumba mbili za nasaba, zote za Yorkshire, zikirudi hadi miaka ya 1780, na hapo hati zikakoma. Mwafrika aliyelileta tawi hilo aliingia kabla ya hapo. Walikuwapo wengi wa kufikiriwa: kikosi cha Wamori kilichowekwa na Warumi penye ukuta wa Hadrian katika karne ya 3, John Blanke, mpiga tarumbeta wa Henry wa Nane, aliyechorwa akiwa juu ya farasi mwaka 1511, watumwa na watumishi wa karne ya 18. Yeyote aliyekuwa, alizaa mwana, mwana akapewa jina la Kiingereza, na jina likamfunika. Karani wa zama hizo, kama wangu wa dirishani, aliandika kilichotosha kisanduku.

Kwa hiyo nikiulizwa jina la ukoo ni nini, nitajibu kwamba ni habari ya mtu mmoja iliyosemwa na majirani zake siku alipohamia kwao. Habari hiyo ni ya kweli kwa siku ile. Wanaoirithi huirithi kama wanavyorithi nyumba iliyojengwa na wengine: hukaa ndani, hupaka chokaa, na wakati mwingine mwenye kukaa hana damu ya mjenzi hata tone. Uchunguzi huo huo wa 2009 ulikadiria kwamba katika kila kizazi, kwa kila wana 100, ni wachache tu waliolipata jina kwa baba asiyekuwa wa damu. Wachache hao, kwa vizazi 20, ni watu wengi.

Imebaki habari moja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ardhi iliyo kati ya kijiji cha Attenborough na mto Trent ilichimbwa kokoto kwa ajili ya ujenzi, na kila shimo lililoachwa lilijaa maji, hata pakawa na maziwa mengi madogo yenye matete na mabata, reli ikipita upande mmoja na mto upande wa pili. Watu wa huko wakataka mahali pahifadhiwe kwa ajili ya ndege. Hifadhi ilifunguliwa mwaka 1966, na mgeni aliyealikwa kuifungua alikuwa David, mwana wa Frederick wa Stapleford. Mgeni mwenye jina la mahali akasimama pale, mbele ya wenyeji ambao huenda hakuna hata mmoja aliyeitwa hivyo.